Rilei ya Honi

Nikiendesha, mshale ulitulia.
Nikisimama, ulipanda.
Nilimwambia Varazdat hayo tu,
naye akaweka chini kikombe cha kahawa,
akafuta masharubu:
"Ukikimbia, upepo unakufanyia kazi.
Ukisimama, nani anakupepea?"

Opel yangu ina miaka ishirini na saba.
Kiti cha nyuma nilishaking'oa
nipate pa kupanga kreti za aprikoti,
na Julai hii bonde lote la Ararati
linatokota kama sufuria iliyosahauliwa jikoni,
na tunda lililoiva halijui kusubiri.
Jana, kwenye foleni ya kuingia Yerevan,
kreti kumi na nne ziligeuka jemu,
nami nimesimama kando, boneti wazi,
mvuke ukinipanda usoni.

"Usiguse kifuniko cha rejeta," alisema,
"mpaka kipoe kama salamu ya mama mkwe."
Tukangoja. Tukala matango na chumvi.

Kisha akapitisha kidole kwenye mapanga ya feni,
akayasukuma. Yakazunguka bila kukwaruza,
mara mbili, mara tatu, yakatua.
Akachomoa plagi, akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri,
nyekundu, nyeusi, cheche moja ndogo,
na feni ikavuma! Ikamrushia
vumbi na majani ya mwaka juzi.
Alicheka macho yamefumbwa.
"Mota nzima. Tumemlaza kitandani asiye mgonjwa."

Fyuzi akaiinua kwenye jua
kama mtu anayepima yai.
Uzi wake haujakatika.
Akashuka kwenye swichi ya joto, chini ya rejeta,
akaziunga nyaya zake kwa kipande cha waya.
Nikazungusha ufunguo.
Kimya.
Taa ya kujaribia, alipoipeleka kwenye soketi ya rilei,
iliwaka.
"Umeme unafika mlangoni," akasema,
"ila ndani hakuna anayeitika."

Hapo nikatazama kwingine.

Kwa sababu kila alfajiri, mwaka wa tatu huu,
napita langoni kwa kaka yangu Hovsep,
tangu tulipogawana shamba la baba
na kamba ya mpimaji ikapita katikati ya mti mmoja.
Napiga honi mara moja, sisimami.
Si salamu. Si tusi pia.
Namjulisha tu kwamba nipo, sijasahau.

"Rilei hizi mbili ni pacha," Varazdat alikuwa anaendelea,
kichwa ndani ya boneti,
"moja ya feni, moja ya honi. Ya feni imekufa.
Duka la Artashat halifunguliwi mpaka Jumatatu.
Chagua, dada: kupoa au kupiga kelele."

Nilifikiria aprikoti.
Akahamisha.
*Tak*, mlio mdogo kama kucha juu ya meza,
na feni ikaamka.
Hakutaka pesa. Alichukua kreti nusu,
akachagua zisizopondeka, mwizi yule.

Leo gizani nimepakia kreti ishirini.
Langoni kwa Hovsep mkono ukaenda wenyewe
katikati ya usukani. Nikabonyeza.
Nikabonyeza tena, kama mjinga.
Ningeweza kupita. Soko la Malatia halimngoji mtu.

Sijui. Nikaitoa gia, nikashuka,
injini nikaiacha inanguruma.
Mbwa hakunitambua, akabweka sana.
Nikagonga lango la bati kwa ngumi,
na hata ngumi yangu haikujua ipige kwa nguvu gani.

Kandambili zikaja zikiburuzika juu ya kokoto.
Zikasimama.
"Nani?"

Kabla sijapata la kujibu, nyuma yangu,
*tak*,
Opel ikaanza kujipepea.